Mgeni wa wodini, usiguse dripu

NI JAMBO la kawaida katika wodi zetu. Saa ya kuwaona wagonjwa inafika, jamaa wanaingia na uji na matunda, na kabla hawajaketi wanatazama chupa ya maji inayoning'inia juu ya kitanda. "Mbona yanashuka polepole hivi?"

Shangazi yangu aliuliza swali hilo alipokwenda kumwona mjukuu wake, aliyelazwa kwa kuhara. Bila kungoja jibu, alikizungusha kile kigurudumu kidogo kilicho kwenye mpira, ili maji yaishe upesi na mtoto arudi nyumbani. Muuguzi alipopita aliona matone yakikimbizana. Akayafunga, akamkagua mtoto, kisha akasema kwa upole, "Mama, matone haya yamehesabiwa."

Ndiyo, huhesabiwa. Tuseme daktari ameagiza mtu mzima apewe lita 1 kwa saa 8. Muuguzi huchukua mililita 1,000 na kuzidisha kwa idadi ya matone katika mililita moja, ambayo huandikwa kwenye pakiti ya mpira. Ikiwa ni 20, atapata matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Akigawanya, anapata karibu matone 42 kwa dakika. Kisha hutazama saa yake na kuyahesabu.

Mpira wa watoto una matone madogo zaidi, 60 kwa mililita. Hapo hesabu ni nyepesi: anayestahili mililita 30 kwa saa hupewa matone 30 kwa dakika.

Maji yakizidi, moyo hulemewa, nayo mapafu huweza kujaa maji, mgonjwa akahema kwa shida. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee na wenye maradhi ya moyo au figo. Na ikiwa chupa imetiwa potasiamu, kuiharakisha kunaweza kuusimamisha moyo.

Kuna wakati mgonjwa huhitaji maji kwa kasi, lakini uamuzi huo si wa mgeni. Ukiona matone yamesimama, mkono umevimba, damu imerudi mpirani au mgonjwa anatweta, mwite muuguzi mara moja.

Mjukuu alipona. Siku hizi shangazi akienda hospitalini, mikono yake huiweka mapajani.