Lawama Si ya Mama

Wasomaji wenzangu, muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumefundishwa katika Baiolojia jinsi seli zinavyogawanyika na jinsi mtoto anavyowarithi wazazi wake. Wengi wetu tumeyaandika mambo haya daftarini kwa ajili ya mtihani, basi. Mimi naona si haki kuyaacha huko, maana ziko nyumba zinazovunjika kwa kutoyajua.

Kwetu tumezaliwa wasichana sita, wala hatuna ndugu wa kiume. Tangu utoto wangu nimesikia jamaa wakimsema mama kwamba hajui kuzaa ila wasichana, na likizo iliyopita habari ya kumtafutia baba mke wa pili ilizungumzwa waziwazi sebuleni, huku mama yuko jikoni akiwapikia haohao waliokuwa wakiizungumza. Nilikaa kimya, kwa kuwa mtoto hawajibu wakubwa barazani.

Kweli ya jambo ni hii. Karibu kila seli ya mwili wa mtu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. (Wataalamu wenyewe walishikilia kuwa ni 48, mpaka Tjio na Levan walipotangaza hesabu iliyo sawa mwaka 1956, kwa hiyo asione haya mtu ambaye hakujua.) Mwili unapokua, seli hujigawa mbili na kila moja hupata 46 kamili. Lakini yai la mama na mbegu ya baba hutengenezwa kwa mgawanyo wa namna nyingine: jozi huachana, kila upande ukachukua 23 tu, ili zikikutana zitimie 46 tena. Jozi moja katika hizo ndiyo iamuayo mtoto awe wa kiume au wa kike. Mama ana X mbili, basi kila yai lake lina X. Hana kingine cha kutoa. Baba ana X na Y, na mbegu zake nusu huchukua X, nusu huchukua Y. Yai likifikiwa na mbegu yenye X huzaliwa msichana. Likifikiwa na yenye Y, mvulana. Mwaka 1905 mwanamke mmoja wa Marekani, Nettie Stevens, alizichungua kwa hadubini mbegu za mdudu wa unga, akaona kuwa dume ndiye mwenye mbegu za namna mbili.

Siku chache baadaye nilimweleza bibi, mzaa baba, ambaye huwa twataniana. Tulikuwa twachambua maharage, nikaongeza punje za mahindi ziwe Y. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Kumbe mwenye makosa ni mwanangu!"

Hapo niliona kuwa nimeeleza vibaya. Nilikuwa nimeuondoa mzigo kichwani mwa mama nikamtwisha baba, naye hana hiari katika jambo hili. Hakuna mume awezaye kuiambia mbegu ipi itangulie. Ni kama kurusha shilingi: ukipata kichwa mara sita, shilingi haikumbuki, na mara ya saba bahati ni karibu nusu kwa nusu vilevile. Ukichukua nyumba 64 zenye watoto sita sita, kwa wastani nyumba moja itakuwa na wasichana watupu. Kwetu ndiyo hiyo moja. Na huyo mke wa pili anayetafutwa, naye atakuja na X mbili kama mama.

Atatokea mtu aniulize: mbona unajitetea kana kwamba msichana ni hasara? Ameuliza vema. Tungekuwa twawapokea watoto wote kwa furaha moja, hesabu hii ingekuwa ya mtihani tu. Lakini fikira hizo zinakwenda polepole, na mama zetu wanalaumiwa leo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu jambo moja. Siku ya Wazazi tuna kwaya, ngonjera na hotuba, tena hotuba ndefu. Tupewe robo saa, ubao na chaki, tuwaonyeshe wazazi jambo hili, na akina baba waketi viti vya mbele. Mahindi na maharage nitaleta mimi.