Breka Haina Kisirani

Wasee, hii posti nimeiandika mara nne nikiifuta. Wacha leo iende tu vile ilivyo. Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ilikuwa ya ujinga, na nusura iniulie dada.

Kama umekuwa hapa tangu mwaka jana, unaijua. Ile ya sekunde 40, niko na glavu moja na bisibisi, nasema breka ikikata kila saa usilipe fundi, iruke tu. Watu zaidi ya laki mbili waliiona. Komenti zilikuwa moto tupu. Mmoja akaandika ati mimi ndiye injinia ambaye chuo kilishindwa kumshika. Nikaipini hiyo komenti, kwa sababu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili na bado inaniuma kuliko vile huwa nawaonyesha.

Nimeifuta. Sitarudia hapa nilivyofanya, kwa hivyo usiniulize inboksi. Lakini nataka ujue ilichofanya.

Dadangu mkubwa ana karavani. Ni ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Waingereza huvuta nyuma ya gari wakienda likizo. Yake ilizeekea huko kabla ifike huku. Akaikata dirisha kubwa ubavuni, akaweka kaunta, mashine ya kahawa, birika ya stima na fraya ndogo. Wikendi tunaivuta na pikapu ya mjomba hadi mahali kuna mechi ama soko la vijana, tunaomba stima kwa duka jirani, tunauza kahawa na mandazi. Hiyo karavani ndiyo inalipa rent yake na karo ya mtoto wake. Mimi pia inanilisha, tusidanganyane.

Stima inaingia ubavuni kwa plagi ya bluu, ile ya ampea 16. Ndani, chini ya kiti, kuna kisanduku kidogo. Upande mmoja kuna swichi pana yenye kitufe kimeandikwa T. Hiyo ndiyo RCD. Kando yake kuna breka mbili ndogo, moja ya ampea 10, nyingine ya 6.

Sasa, Jumamosi moja kulikuwa kumenyesha usiku. Tukapaki kwa uwanja wa murram, tukashusha ile miguu minne ya chuma ya kona ili karavani isiyumbe. Tukawasha mashine. RCD ikakata. Tukairudisha, ikakata. Foleni ni watu kumi na wanne, dadangu ananiangalia, mimi niko na simu mkononi. Nikaona kontenti. Nikairuka RCD, mashine ikawaka, watu wakapiga makofi, video ikapanda jioni hiyo.

Wiki tatu karavani ilifanya kazi fiti kabisa. Hapo ndipo uongo wenyewe ulikuwa. Ilikuwa fiti kwa sababu yule aliyekuwa anapiga nduru tulimziba mdomo.

Wiki ya nne mvua ilinyesha tena. Mahali palikuwa na matope, tukaweka vipande vya mbao chini ya ile miguu isizame. Dadangu alikuwa ndani saa nzima akihudumia watu, akishika kila kitu, hakuhisi chochote. Akatoka kuchukua maji. Mguu mmoja ukakanyaga matope, amevaa slipasi zimelowa, mkono bado umeshika ile reli ya chuma ya mlangoni ambayo tuliichomelea kwa chasisi. Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu akishikwa na stima hupiga kelele. Alitoa tu sauti kama ya kukohoa, na mkono ukakataa kuachilia. Aliyemwokoa ni mama wa kuuza mayai, alikimbia kwa duka na kuchomoa waya kutoka ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

Hospitali walimpima moyo, wakamweka hadi jioni, wakamwachilia. Yuko sawa. Kiganja kina alama. Njiani tukirudi aliniuliza kitu kimoja tu: "Hiyo breka uliyotoa ilikuwa ya nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimefundisha watu laki mbili kuondoa kitu ambacho sikujua kazi yake.

Jumatatu tuliita fundi. Alikuja msichana wa rika langu, alisomea stima kwa politekniki, ana leseni ya EPRA na aliitoa kabla hatujamwuliza. Mimi nilikuwa nimeshamwonyesha mashine ya kahawa ndio shida, nikamwambia aanzie hapo. Akanijibu, "Wewe ngoja. Tunaanzia stima inapotoka."

Hapo ndipo nilianza kuona aibu, kwa sababu alichofanya kwa saa moja na nusu kilikuwa rahisi kuelewa, na hakuna siku niliwahi kufikiria hivyo.

Kwanza alizima na kuchomoa kila kitu. Akaenda kwa soketi ya duka akaipima. Ilikuwa sawa. Akashika ekstensheni yetu, ile waya ndefu, akaikunjua yote kutoka kwa gurudumu lake. Akasema waya ikibaki imekunjwa huku inabeba mzigo mkubwa inapata moto, inaweza kuyeyuka. Halafu akafungua plagi. Ndani kulikuwa na nyaya mbili tu. Laivu na nyutro. Ule wa tatu, wa kijani na manjano, wa kwenda ardhini, haukuwepo. Ule mguu mrefu wa plagi ulikuwa umesimama hapo kama askari wa sanamu.

Mimi ndiye nilinunua hiyo waya. Ya nyuzi mbili ilikuwa rahisi.

Na usinicheke, kwa sababu wewe pia una peni. Unajua peni gani. Ile unaingiza kwa tundu la juu la soketi ndio chaja ya miguu miwili iingie. Hilo tundu ni la waya wa ardhi. Nchi nzima tumelizoea kama mahali pa kuweka peni.

Pili, aliniuliza ni breka gani ilikuwa inakata, ile pana ama zile ndogo. Nikamwambia breka ni breka. Akacheka. Zile ndogo hukata mzigo ukizidi ama waya zikigusana. Hapo ni hesabu tu: ampea 10 mara volti 240 ni wati 2,400. Birika ya wati 2,000 na fraya ya wati 1,500 zikiwaka pamoja kwa breka moja, lazima ikate, na haina makosa. Lakini ile pana, RCD, haijali mzigo. Yenyewe inalinganisha stima inayoenda na inayorudi. Zisipolingana, maana yake kuna stima imetorokea mahali pengine. Ikitoroka kiasi cha miliampea 30, inakata kwa chini ya theluthi ya sekunde. Breka ya ampea 10 haiwezi kuona hiyo. Miliampea 30 ukizipiga mara 333 ndio unafika ampea 10. Mtu anaweza kufa katikati ya hizo namba mbili na breka ndogo ikae tu imetulia.

Tatu, alirudisha RCD mpya, akaunganisha waya mzuri wenye nyuzi tatu, akawasha vitu kimoja kimoja. Fraya, sawa. Friji, sawa. Birika, sawa. Mashine ya kahawa, tap, imekata. Akaichomoa, akaipima na mega, kile kifaa kinachosukuma volti 500 kuona kama stima inavuja. Hita yake ya ndani ilikuwa imepasuka, unyevu umeingia, na stima ilikuwa inavujia bodi ya mashine. Kutoka bodi inaenda kwa waya wa ardhi wa karavani, na kutoka hapo kwa chasisi. Na kwa sababu ekstensheni yangu haikuwa na waya wa ardhi, haikuwa na mahali pa kwenda. Chasisi yote ilikuwa laivu.

Ndio sababu siku ile ya kwanza ilikata. Miguu ya chuma ilikuwa kwa murram iliyolowa, stima ikapata njia ya kwenda chini, RCD ikaona. Siku ya pili miguu ilikuwa juu ya mbao, magurudumu ni mpira. Stima ilikaa hapo ikingoja njia. Njia ikawa dadangu.

Ukiwa ndani ya karavani hujui, kwa sababu wewe na chuma mko sawa. Hatari ni ule mguu mmoja nje. Uingereza kanuni zao za usambazaji wa stima zinakataza chuma cha karavani kuunganishwa na ule waya wa ardhi wa nyumbani unaoshirikiana na nyutro, kwa sababu hiyohiyo: nyutro ikikatika barabarani, mtu anayepanda ngazi ya karavani ndiye anapigwa. Watu waliokaa na hivi vitu miaka mingi wamemfikiria yule mtu wa mguu mmoja nje. Mimi nilimfikiria mtazamaji.

Na bado kuna kitu kingine kilinidanganya. Karavani ina betri ya volti 12 ya taa. Siku dadangu aliposhikwa na ile waya ikachomolewa, taa za ndani ziliendelea kuwaka. Kwa hivyo taa haikuambii chochote kuhusu stima ya ukutani. Hata tesa ya bisibisi, ile ya mia moja, usiiamini peke yake ukisema mahali hakuna stima. Chomoa plagi uiweke mahali unaiona.

Najua mtasema nini. "Fundi wa leseni ni ghali." Ndio. Huyu alichukua 3,500, na kuna wikendi hatupati hizo baada ya unga na maziwa. Siwezi kukaa hapa nikijifanya pesa si kitu. Ndio maana video yangu ilipendwa: ilimwambia mtu aliyesota kwamba hahitaji kulipa. Lakini hesabu yangu ilikuwa mbovu. Nilitoa fundi, nikatoa waya wa tatu, nikatoa RCD, na kila mara nikasema nimeokoa pesa. Nilikuwa nahamisha deni, na jina kwa hilo deni lilikuwa la dadangu.

Pia mtasema, "Sasa umegeuka wa kutetea shule." Hapana. Bado naamini unaweza kujifunza kitu bila digrii, na yule msichana wa politekniki ni ushahidi, hana digrii. Tofauti yangu na yeye haikuwa cheti pekee. Breka ilipokata, yeye aliuliza kwa nini. Mimi niliuliza vipi ninyamazishe. Na sisi wa kontenti tunalipwa kwa kunyamazisha. Hakuna mtu anatazama dakika tisini za mtu akichomoa kitu kimoja kimoja. Lakini hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kama huna subira yake, tengeneza video za dansi, hakuna ubaya, mimi mwenyewe nitazitazama.

Unachoweza kufanya leo bila fundi na bila bisibisi: tafuta kitufe cha T nyumbani kwenu ama kwa kibanda. Kibonyeze. Inafaa kukata papo hapo. Isipokata, hiyo RCD ni pambo, na hapo sasa mwite fundi. Isipokuwepo kabisa, anza kuweka pesa ya kuiweka. Sisi sasa tunaibonyeza kila tukifika mahali mpya, kabla hata ya kuweka maji kwa mashine. Na kama kitu kinakata, chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja, na kile kinachokata kisirudi hadi mtu akipime.

Mwisho, na hii ndiyo sababu hasa ya hii posti.

Kuna kijana aliniandikia inboksi mwaka jana. Alisema amefanya kama mimi kwa hoteli ya mamake na imekubali, sasa jokofu halizimi tena. Nikamtumia emoji ya moto. Akaunti yake sasa haipo, nimetafuta wiki mbili. Kama ni wewe unasoma hii, ama unamjua: mwambie mama asishike hiyo friji akiwa amelowa mikono. Zima meinswichi. Usirudishe kitu mwenyewe. Niandikie uko wapi, nitamlipa fundi.