Alama ya kutoa si pambo

Wadau, kuna jambo linaniudhi. Wanaprogramu wengi wa hapa kwetu wakitaka kupima umbali wa safari ya ndege, wanajaribu Nairobi na Mombasa, jibu linatoka sawa, wanafunga kazi. Jaribio hilo halithibitishi kitu! Miji yote miwili iko kusini mwa ikweta. Programu ikidondosha alama ya kutoa kwenye latitudo zote mbili, umbali haubadiliki hata kidogo. London na New York hazisaidii pia, maana zote ziko kaskazini.

Sasa chukua kiwanja cha Embu (latitudo -0.57, longitudo 37.50) na kile cha Isiolo, kilicho mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru (0.34, 37.59). Ikweta inapita kati yao. Tofauti ya latitudo ni digrii 0.91, na kila digrii huku kwetu ni karibu kilomita 111. Jibu ni kilomita 101 hivi. Dondosha ile alama ya Embu, na programu itakwambia kilomita 27, bila onyo lolote.

Kuna atakayesema rubani ana vifaa vyake. Sawa, lakini anayepanga ndege ya kumchukua mgonjwa na kukadiria gharama yake anatazama skrini yako.

Sisi tunaishi kwenye ikweta, tuache kuazima majaribio ya watu wa kaskazini. Kabla hujaniambia programu yako imekamilika, nionyeshe kwanza Embu hadi Isiolo.