NJIA YA UMEME NA WATU WA USINGE



Huenda mtu akauliza: umeme wa Usinge unatukhusu nini sisi watu wa visiwani? Usinge iko wilaya ya Kaliua, magharibi ya Tabora, kwenye reli iendayo Kigoma. Baina yake na sisi pana bahari, na baada ya bahari pana safari ndefu ya nchi kavu. Jawabu letu ni fupi. Sisi ni watu tulio mwisho wa waya, na mtu aliye mwisho wa waya ana haki ya kuuliza waya huo umepitishwa wapi, na kwa idhini ya nani.

Mpango wa TANESCO ni kuitoa njia ya kilovolti 132 Tabora, ipite Urambo na Nguruka, ifike Kidahwe katika mkoa wa Kigoma, mwendo unaokaribia kilomita 400. Mstari wa kutoka Urambo kwenda Nguruka hauwezi kuwa mbali na Usinge. Basi mashamba ya tumbaku na ya mahindi, mizinga ya asali iliyomo misituni, na viwanja vya watu, vyote vimo katika hesabu ya mhandisi, apende asipende.

Hatuupingi mpango huu. Mkoa wa Kigoma uliishi kwa majenereta ya dizeli hata ulipoanza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, kwa upande wa Nyakanazi. Njia ya pili kutoka Tabora ni akiba, na thamani ya akiba hiyo sisi hatuhitaji kufundishwa. Tangu mwaka 1980 Unguja ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 tukakaa kizani karibu mwezi mzima. Kisha giza likarejea Disemba 2009, lisiondoke mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na wanawake wakabeba ndoo mitaani kama zama za bibi zao. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013. Anayesema njia moja yatosha hakuwapo Unguja miezi ile.

Tunalolisema ni jinsi ya kuichagua njia. Njia ya misafara iliyotoka pwani ikapita Unyanyembe hadi Ujiji haikuchorwa mezani. Ilifuata maji, ilifuata chakula, na ilifuata ridhaa ya mtemi, ambaye asiporidhishwa kwa hongo msafara haupiti. Hatuisifu njia ile; ilibeba pembe, na ilibeba binadamu waliotiwa minyororo, na wengi walifikishwa katika soko letu wenyewe. Walakini hata mwenye msafara mkali kuliko wote alijua kuwa nchi ina wenyewe. Wajerumani waliofikisha reli Kigoma mwaka 1914 hawakuwauliza wenyeji, na juu ya hayo stesheni iliwekwa Usinge, mtu akaweza kupanda gari la moshi na kupakia mzigo wake.

Waya wa umeme hauna stesheni. Hapa ndipo penye jambo, na tunawaomba wanachama walishike. Umeme wa volti 132,000 hauwezi kushushwa nyumbani kwa kutundika waya mwengine juu ya nguzo. Wahitaji kwanza kituo cha kuupoza, kisha njia ndogo, kisha transfoma ya kijiji, ndipo uwe wa volti 230 zinazowasha taa. Kijiji kisichowekewa hayo kitalala chini ya waya mkubwa kikiwasha koroboi. Wenyeji watakatazwa kujenga na kupanda miti mirefu chini yake, na mwanga utawapita juu ya paa uende kwa wengine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa; mgeni huyu mwenyeji ataponea wapi?

Tena ipo ardhi yenyewe. Kuanzia pande zile kuelekea mto Malagarasi na ziwa Sagara nchi ni ya mabwawa, na mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovozi liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa dunia nzima. Msingi wa nguzo katika tope ni ghali, na fundi atakayeitwa masika kutengeneza waya uliokatika hatafika kwa gari. Ndege wakubwa wa mabwawani nao hujigonga kwenye nyaya. Njia inayoandamana na reli huenda ikawa na kona zaidi, na kila kona yataka nguzo nzito zaidi. Lakini ni njia inayofikika mwaka mzima. Sisi twaona khasara ya kona ni ndogo.

Na watu wa Urambo, majirani wa Usinge, wamekwisha kuona kazi ya ramani iliyochorwa mbali. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 baada ya ukaguzi wa wiki chache tu, sehemu kubwa ukifanywa kutoka angani. Mwaka 1951 Serikali ya London ikautupa, na zaidi ya paundi milioni 35 zikawa zimeteketea Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wazee waliokuwa wakiishi pale wangaliweza kuwaambia habari za mvua na za udongo bila ya malipo.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe upesi. Basi, iwe nguzo zimekwisha kusimama au bado, twataka ramani ya njia, kwa Kiswahili, ibandikwe katika ofisi ya kata ya Usinge na ya kila kata iliyopitiwa, pamoja na kiwango kilichothaminiwa kwa shamba, kwa mti na kwa mzinga, na tarehe ya malipo. Na Wabunge waulize barazani, kwa jina la kijiji kimoja kimoja: ni vipi vilivyo chini ya waya huo, na ni vipi kati yake vimewekewa transfoma?