GOTI BOVU SI UVIVU



Wazee wengi wa Vurra walitoka nyumbani zamani za ukoloni kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Waliorudi walileta baiskeli, mablanketi na magoti mabovu. Baadhi yetu tumefuata njia hiyohiyo, na wengine tuliinama miaka mingi katika tumbaku papa hapa West Nile.

Tukiumwa viungo, zahanati hutuambia: "Baridi yabisi, meza dawa, rudi kazini." Nyapara husema ni uvivu. Nyumbani husema tumerogwa. Sisi tunayakataa majibu yote matatu. Baridi yabisi ni jina moja lililofunika magonjwa mengi, na dawa zake si moja.

Linalotupata zaidi sisi watu wa panga na magunia ni kulika kwa gegedu, ule mfupa laini unaokinga ncha za mifupa. Likilika, mfupa husuguana na mfupa. Goti huuma ukipanda kilima na hupoa ukipumzika. Asubuhi huwa gumu dakika chache, kisha hulegea. Uzee huchangia, ndiyo, lakini kuchuchumaa, kubeba mizigo na kuumia zamani huchangia pia. Aliyeteguka goti shambani akiwa na miaka 25 aweza kuanza kuchechemea akiwa na 40.

Aina nyingine ni tofauti kabisa. Kinga ya mwili, ambayo ni askari wetu wa ndani, hugeuka na kushambulia viungo. Mara nyingi huanza katika vidole na vifundo vya mikono yote miwili, na ugumu wa asubuhi huweza kupita saa nzima. Huwapata zaidi wanawake, hata walio vijana. Hapa vidonge vya maumivu havizuii vidole kupinda. Ziko dawa za kuzuia, kama methotreksati, zikianzwa mapema.

Jongo nalo huja usiku kwa ghafla: kidole gumba cha mguu huvimba hata shuka haivumiliki. Ni asidi ya yuriki iliyoganda kama chembe za chumvi ndani ya kiungo. Pombe na nyama huichochea, ingawa si kila mwenye jongo ni mlevi. Lakini kiungo kimoja kikivimba pamoja na homa kali, huenda kina usaha. Hicho usikingojee mshahara: nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani chaweza kuharibika kwa siku chache tu.

Na diklofenaki ya kila siku ili umalize kazi? Hutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho juani bila maji.

Sheria ya Fidia ya mwaka 2000 inamlipa aliyeumia kazini. Goti lililolika polepole ni vigumu kulithibitisha, ila la kuteguka laweza kuandikwa. Basi liandikwe siku hiyohiyo, mwenzako awe shahidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 nayo inampa mgonjwa mshahara kamili wa mwezi wa kwanza, na mwajiri aweza kudai cheti cha daktari.

Kwa hiyo tunawataka wajumbe wa matawi wadai mambo mawili: cheti kitaje ugonjwa wenyewe, si "maumivu ya mwili", na mkata miwa mwenye goti bovu apewe kazi ya kukaa kabla ya kufikiriwa barua ya kumwachisha.