Behewa Likianguka Tunaulizwa; na Mtu Je?

Ndugu wafanyakazi,

Mimi ni mtu wa karakana ya reli. Kazi yangu ni kukagua magurudumu na breki za mabehewa kabla treni haijaondoka. Sina elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazini ningali kijana. Lakini jambo moja reli imenifundisha vizuri: hakuna kitu kinachovunjika bila mtu kuulizwa.

Behewa moja likitoka relini, hata likiwa tupu, hata kama halikumuumiza mtu, siku hiyo hakuna anayelala. Huulizwa: Ni nani aliyegeuza reli? Dereva alikuwa akienda kwa spidi gani? Ni nani aliyekagua breki, na sahihi yake iko wapi? Kila mmoja wetu huandika maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu cha stesheni huchukuliwa na kuwekwa chini ya kufuli. Mwenye kosa hupata barua, au husimamishwa kazi, au hufukuzwa kabisa. Wala hatulalamiki sana, maana tunajua kwamba treni hubeba watu.

Basi nauliza: ikiwa behewa tupu huulizwa habari zake, je, mtu aliyevunjwa mkono na askari?

Mtaikumbuka kafyu ya mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Ilianza tarehe 27 Machi, kutoka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo hiyo ya kwanza, pale kivukoni Likoni, Mombasa, wafanyakazi waliokuwa wakingoja feri wapate kwenda kwao walipigwa marungu na kutupiwa moshi wa kutoa machozi, na saa moja haijafika. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu kama sisi, waliotoka kazini.

Majuma machache baadaye, katika mji ambao sitautaja, mimi na mwenzangu tulitoka zamu usiku. Kila mmoja wetu alikuwa na barua ya ruhusa mfukoni. Askari wawili wakatusimamisha. Mwenzangu akatia mkono mfukoni ili atoe barua yake, na kabla haijatoka rungu lilikuwa limekwisha shuka. Alipigwa mkono wa kuume mara tatu, na barua ikaanguka matopeni. Mimi nilisimama kando nimeinua mikono juu, wala sikusema neno.

Asubuhi alitaka kwenda kushtaki. Nikamwambia, "Ndugu yangu, shukuru Mungu u mzima. Mwenye nguvu mpishe." Akaenda peke yake. Kituoni akaulizwa jina la askari aliyempiga. Hakulijua. Akaulizwa namba yake. Hakuiona. Akaambiwa arudi siku atakayokuwa na jina au namba. Habari yake haikuandikwa katika kitabu cha OB, wala hakupewa fomu ya P3. Mkono ule ulipona umepinda. Sasa hawezi tena kuinua nyundo kubwa. Alihamishwa stoo, pesa za ovataimu zikaisha, na mtoto wake wa kwanza alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Neno langu lile limenikaa moyoni miaka hii yote. Methali ile ni kweli ukikutana na ndovu njiani. Lakini askari si ndovu. Askari ni mtu aliyeajiriwa, analipwa kwa kodi ile ile inayokatwa katika mshahara wako kabla hujauona, na ana sheria za kazi yake kama mimi nilivyo na za kazi yangu.

Sheria hizo ziko, si maneno ya mkutano wa siasa. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yasema kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa zikiishia wakati korti imefungwa. Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 yamtaka askari ajaribu kwanza njia isiyo ya nguvu. Yamtaka avae jina lake au namba yake mahali panapoonekana. Akimuua mtu au akimuumiza vibaya, lazima habari hiyo ipelekwe kwa IPOA, yaani ile halmashauri huru ya kuwachunguza polisi, ambayo Bunge liliiunda kwa sheria mwaka huo huo. Tena yasema wazi kwamba "niliamriwa na mkubwa wangu" si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Hata sisi, dereva hawezi kupita taa nyekundu halafu aseme alipigiwa kelele na mkubwa apite.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Tarehe 16 Machi 1922 wafanyakazi wa Nairobi walikusanyika penye kambi ya polisi kudai Harry Thuku afunguliwe. Wakapigwa risasi, na serikali ya wakoloni yenyewe ilihesabu maiti 21. Mwaka 1947, pale Uplands kwenye njia yetu ya kwenda Nakuru, wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe waligoma. Polisi wakapiga risasi, na watatu wakafa. Bendera ilibadilishwa mwaka 1963, lakini rungu lilibaki mahali pake.

Sasa sikilizeni habari ya Mavoko. Josephat Mwenda alikuwa dereva wa boda boda. Askari mmoja alimpiga risasi mwaka 2015, naye Mwenda hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwa IPOA. Mwezi wa Juni 2016 alitoka korti ya Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri. Wote watatu wakakamatwa njiani na kuuawa, na maiti zao zikaonekana mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Muiruri hakuwa na kesi na mtu. Alikuwa kazini, akiwabeba abiria wake.

Lakini habari haikwisha hapo. Mwenda alikuwa ameandika maneno machache juu ya karatasi ya msalani na kuitupa nje ya seli. Karatasi ile ikaokotwa, na ikafika kortini pamoja na ushahidi mwingine. Julai 2022 askari watatu na mpasha habari wao mmoja wakaonekana na hatia ya kuua. Februari 2023 mmoja wa askari akahukumiwa kifo, na wengine vifungo vya miaka 30, 24 na 20. Ilichukua zaidi ya miaka sita, na hakuna aliyerudishiwa mumewe wala babake. Hata hivyo, waliofanya jambo lile waliitwa kwa majina yao wakajibu.

Ndiyo sababu wabaya wanachukia maandishi. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa kwao Homa Bay akapelekwa Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Kwanza tuliambiwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali alipoichunguza maiti akakuta majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa, na alama ambazo mtu hawezi kujifanyia. IPOA ikasema kwamba kamera za kituo zilichezewa. Baadaye mwezi huo huo mkubwa wa kituo na wengine wakashtakiwa kwa mauaji. Hukumu ni ya mahakama, mimi si hakimu. Lakini mtu wa reli anajua maana ya kuchezea kamera. Ni sawa na kurarua ukurasa wa kitabu cha stesheni baada ya treni kugongana.

Wako watakaosema kwamba nawatetea wezi. Sivyo. Mimi mwenyewe nimeibiwa mshahara mzima njiani, na nataka polisi wawepo, tena wengi. Mwizi akamatwe, apelekwe kortini, afungwe. Wala sina ugomvi na askari kwa kuwa ni askari. Wengi wao ni watoto wa maskini kama sisi, wanakaa nyumba mbovu, na sheria haiwaruhusu kuwa na chama kama hiki chetu. Askari mwema ndiye anayepata hasara zaidi askari mbaya asipoulizwa, maana wote huchafuka pamoja.

Mwalimu wetu wa misheni alitusomea habari za Paulo kule Filipi. Alipigwa mbele ya watu bila kuhukumiwa, akatiwa gerezani. Kesho yake wakubwa wa mji wakatuma neno afunguliwe aende zake. Paulo akakataa kutoka kwa siri. Alitaka waje wao wenyewe wamtoe, nao wakaja. Zamani nilidhani ni kiburi. Sasa naona alikuwa anadai jambo lile lile: aliyepiga aje ajibu.

Basi tufanye nini? Kwanza, ukipigwa au ukiona mwenzako akipigwa, usirushe jiwe wala tusi. Tazama namba ya askari na namba ya gari, angalia saa na mahali, na ukifika pa salama andika yote pamoja na majina ya mashahidi. Pili, nenda hospitali siku hiyo hiyo na utunze kila karatasi. Tatu, nenda kituoni na usiondoke bila namba ya OB na fomu ya P3. Wakikunyima, andika habari hiyo pia, uipeleke kwa IPOA. Halmashauri hiyo haifungi mtu. Huchunguza, na jalada hupelekwa kwa mkurugenzi wa mashtaka. Bila maandishi yako haina pa kuanzia.

Nne, na hili ndilo kubwa, mtu asiende peke yake. Mtu mmoja kituoni huonekana msumbufu. Akifuatana na katibu wa tawi na mashahidi wawili huonekana mfanyakazi mwenye chama. Tunakwenda pamoja kudai nyongeza ya mshahara. Mbona mwenzetu akivunjwa mfupa tunamwacha aende mwenyewe?

Naomba mkutano ujao wa tawi letu ukubali mambo mawili. Kinunuliwe kitabu cha kuandika kila mfanyakazi aliyeumizwa na askari, kiwekwe afisini chini ya kufuli. Na wachaguliwe watu wawili wa kufuatana na mwenzetu hospitalini, kituoni na kortini.

Kitabu hicho kikinunuliwa, habari ya kwanza ninayo. Ni ya usiku ule wa 2020, ya mkono wa kuume na barua iliyoanguka matopeni. Shahidi ni mimi niliyenyamaza. Safari hii nitatia sahihi.

Ni mimi mwenzenu,
Mtu wa Karakana