Utaalamu Usiuawe kwa Cheo

Mwalimu anayejaza malengo yake ya kazi katika mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS, na karani anayemwelekeza mwananchi namna ya kupata namba ya malipo ya Serikali, wanajua jambo ambalo wakubwa wengi hawajalitia maanani. Wanajua kwamba ukurasa ukipangwa vizuri kazi huisha kwa dakika chache, na ukipangwa ovyo siku nzima hupotea.

Ukurasa wa namna hiyo haushuki kutoka mbinguni. Lazima awepo mtu wa kuamua swali lipi litangulie, kitufe kikae wapi, na aliyekosea aambiwe nini ili ajisahihishe. Kazi hiyo ndiyo usanifu kwa ajili ya mtumiaji. Mwaka 1993 Donald Norman alipoingia katika kampuni ya Apple ya Marekani, cheo chake kilikuwa cha msanifu wa yale yanayompata mtumiaji, na tangu hapo kazi hiyo imetambulika duniani kuwa utaalamu kamili.

Lakini msanifu huyo hulipwaje, na hupanda vipi? Hapo ndipo penye aibu. Katika matangazo ya ajira majina yaliyozoeleka ni Afisa TEHAMA, mtengenezaji wa programu na msimamizi wa mitandao. Jina la msanifu huonekana kwa nadra. Asiye na jina hana daraja, na asiye na daraja hupimwa kwa kazi ya mwenzake. Akikaa miezi mitatu akichunguza kwa nini wananchi wanashindwa kukamilisha ombi moja, huulizwa ametengeneza kompyuta ngapi!

Baada ya miaka michache hukuta njia imefungwa. Akitaka nyongeza ya maana hana budi kugombea ukuu wa kitengo. Siku anapoupata anaacha usanifu, anashika mihuri, vikao na madokezo. Ofisi imepoteza fundi hodari na kujipatia mkuu wa wastani. Hizo ni hasara mbili zilizonunuliwa kwa nyongeza moja ya mshahara.

Wengine huondoka kabla ya hapo. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi hufanya kazi za vipande kwa waajiri wa ng'ambo na kulipwa kwa dola. Kuwaita wasaliti ni rahisi mno. Lakini ni kasumba vilevile kudhani kwamba ubepari wa kigeni ndio utakaowaokoa. Kampuni ya Meta ilitangaza mwezi Novemba 1922 + 100, yaani mwaka 2022, kuwaachisha kazi watu 11,000, na Google ikafuata mwezi Januari 2023 kwa watu wapatao 12,000. Mshahara mnono unaoweza kukatwa kwa barua ya asubuhi moja si maendeleo ya mfanyakazi.

Watakuwapo watakaodai kwamba usanifu ni urembo tu, na kwamba Serikali haina fedha za kuwalipa wapaka rangi. Hoja hiyo haina msingi. Gharama ya mfumo usioeleweka haifutiki kwa kutokuandikwa katika bajeti. Hulipwa na mkulima anayepanda basi kwenda wilayani kwa jambo ambalo angelimaliza kwa simu, na hulipwa na mwanafunzi ambaye mwalimu wake yuko ofisini akipambana na fomu.

Wengine watadai kwamba haiwezekani kumpandisha mtu asiyesimamia watu. Walimu wanajua kwamba si kweli. Mwalimu wa darasani hupanda kutoka daraja hadi daraja bila kuacha chaki, na daktari bingwa huheshimiwa kwa ubingwa wake hata asipoongoza idara. Uingereza nako, serikali iliyozindua tovuti yake kuu ya GOV.UK mwaka 2012 imewawekea wasanifu wake ngazi za wazi, kuanzia anayejifunza hadi bingwa, na kila ngazi imeelezwa ujuzi inaoudai. Hakuna muujiza hapo. Kuna uamuzi tu.

Uamuzi huo hautakuwa mgeni katika nchi hii. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataa tabia ya wataalamu na viongozi wachache kupanga mambo na kuwaachia wananchi utekelezaji. Msanifu wa kweli huanza kwa kumwendea mwananchi, kumsikiliza na kumtazama akitumia kifaa. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa nchi Mamlaka ya kusimamia mifumo hiyo. Kilichobaki ni kumpa hadhi yake yule anayeihakikishia mifumo hiyo utu.

Basi msanifu atajwe waziwazi katika muundo wa utumishi. Mshahara wake ulingane na wa mtengenezaji programu wa daraja lake. Pawe na ngazi mbili, ya uongozi na ya ubingwa, zinazofikia kimo kimoja. Naye msanifu asijipumzishe: asipandishwe kwa wingi wa michoro wala kwa miaka ya kukalia kiti, bali kwa ushahidi kwamba mwananchi wa Newala au Mpanda amekamilisha shughuli yake bila kuomba msaada.

Watumishi wanaokumbuka jinsi upandishaji vyeo uliposimamishwa mwaka 2016 ili kuwasaka watumishi hewa wanajua uchungu wa kungoja ngazi iliyositishwa. Msanifu hangoji ngazi iliyositishwa. Yeye hajajengewa ngazi yoyote.